Kikohozi

Baba alikuwa fundi wa saa na redio, Langoni,
duka lake upana wa mlango na nusu.
Injinia wa pampu za maji, Zdeněk,
ambaye ndimi zetu zilimchonga akawa Zidiniki,
mkataba ulipomwishia alikuwa na deni
la gramafoni iliyofunguliwa mara tatu.
Akaacha kreti. Santuri thelathini na moja,
zote za kampuni moja ya kwao,
na jina lake likakatwa daftarini kwa penseli ya buluu.

Mama alizipanga kwenye zidaka
kati ya sahani za bibi yake,
akasema heri vingekuwa vikombe.

Mimi ndio kwanza nimeanza chuoni.
Nilipoona herufi zao zimevaa vikofia,
juu ya c, juu ya r, juu ya z,
nikajua hizi nazo zina irabu zao,
nikazisoma kwa mahadhi ya juzuu
hadi baba akacheka, lenzi ikamdondoka jichoni.

Ya kumi na nne ndiyo tuliyoipenda.
Kwenye jalada, wanaume wanne wa Brno
wamekaa kama waliopelekwa kupiga picha ya pasipoti:
wawili wa fidla, mmoja wa fidla nene,
na wa chelo, kipara, soksi moja imeshuka.
Tulimwita Soksi.
Huyu mkewe yuko safarini, alisema baba.
Maalim Bwanadi aliuliza kutoka dirishani mwake
kama hizo si za kanisani.
"Ni mbao na utumbo wa kondoo, Maalim.
Ndoo usikize."
Hakuja.
Dirisha lakini hakulifunga.

Ilirekodiwa mbele ya watu, majira ya baridi.
Na pale kipande cha pili kinapokwisha,
kabla cha tatu hakijashika,
mtu anakohoa.
Mara mbili. Ya kwanza anaizuia, ya pili inamshinda.
Mama, mikono ndani ya unga, humjibu kutoka jikoni:
"Pole, mwanangu."
Miaka kumi na tisa tulibishana
ni mume au mke, na nani
alimpeleka ukumbini na kifua kile,
na je, alipona.

Kisha kifua kikawa cha baba.
Moshi wa risasi, alisema daktari, miaka yote ile ya kulehemu.
Usiku aliiweka ya kumi na nne, sauti chini,
na kuna usiku walikohoa pamoja,
yeye na yule wa ukumbini,
tusijue nani kamwanza mwenzake.

Mwaka jana Twalib alikuja kutoka Mombasa
na fleshi ndogo kama kucha.
Kampuni ile ile, watu wale wale.
Imeoshwa, alisema, imesafishwa kwa kompyuta.
Na kweli. Chelo iliingia ukumbini mwetu na viatu vipya;
nilimsikia Soksi akivuta pumzi,
jambo ambalo baba hakuwahi kulisikia.
Kipande cha pili kikaisha.
Mama, ambaye macho yamemtoka, akainua kidole: ngojani.
Kimya. Kimya kilichopigwa pasi.
Cha tatu kikaanza.

"Yu wapi mgonjwa?"
Twalib akaeleza: ile ni kelele, bibi, hutolewa.
"Wamemtoa mtu," mama akasema,
"na matanga hawakuweka."

Sindano yetu imekuwa butu. Juu ya mkono wake nimebandika
sarafu ya zamani ili usirukeruke.
Jalada limeliwa na mende, Soksi hana tena miguu.
Ijumaa, sahani zikishaondolewa, tunaiweka,
inakwaruza kama mtu anayefagia changarawe.
Siku nyingine hukwama pale pale:
akakohoa, akarudi, akakohoa, akarudi,
nami nikiinuka kuisukuma
mama hunishika nguo.
Mwate, husema. Mwate amalize.