Kisanduku cha Saba

Fomu ya bima inauliza, kisanduku cha saba:
ndege ilikuwa kwenye mwinuko gani?
Naandika sifuri.
Naifuta. Inafanana na mdomo ulioachama.
Naandika: chini. Magurudumu yote matatu chini,
juu ya lami ya Haukijoki, Jumamosi ya Oktoba,
umande umeganda, jua limelalia misonobari
likinichoma jicho la kushoto.

Kasi? Ya mtu aendaye kutazama
kama tarishi ameleta barua.
Pole pole ndio mwendo, husema wenye busara;
hao hawajakaa nyuma ya injini.

Ndege yangu huketi kwa mkia, pua juu.
Mbele sioni ila bati na anga.
Ndiyo maana tukafundishwa kwenda upogoupogo,
kushoto, kulia, kushoto,
kama mlevi anayeutafuta mlango wake,
na kila upindapo, chungulia.
Miaka thelathini na minne nimepinda hivyo.
Nimetua juu ya barafu ya ziwa, upepo ukinisukuma ubavuni.
Nimerudi nyumbani na silinda moja imekufa.
Siku hiyo nilinyoosha.
Hatua arobaini tu, nikipapasa chini ya kiti
nikitafuta glavu.

Sikusikia kishindo.
Nilisikia cherehani inashona debe.

Taisto, daktari wa meno, alikuwa amesimama kwenye mstari wa njano
akiipima injini yake, kama kitabu kisemavyo,
kama mimi mwenyewe nilivyomfundisha.
Pangaboi langu liliingia mkiani mwake
likaukata slesi, slesi, slesi,
zote unene mmoja, kama mkate wa mgeni.
Kisha kimya. Kisha harufu ya mafuta.
Alishuka, akaweka kidole kwenye ule mpasuko,
akaubonyeza taratibu, pembeni, halafu katikati,
kama anayeuliza: hapa panauma?
Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Kisanduku cha kumi na mbili: majeruhi?
Hakuna.
Kalamu inabaki hewani.
Kaarlo fundi alileta futi yake ya chuma
akapima, bila kuambiwa na mtu,
kutoka slesi ya mwisho
hadi kofia ya sufu ya Eelis, mjukuu, kiti cha nyuma.
Mita moja na sentimita kumi na mbili.
Akaizungusha futi ikarudi ndani ya kasha lake, tak,
akasema, "Haya, Irmeli," basi.
Fomu haina mahali pa kuandika hilo.

Mtoto alikuwa na andazi mdomoni.
"Sasa tunaruka?" aliuliza.

Leseni yangu ningali nayo, iko kwenye droo ya vijiko.
Dukani, nikisukuma kigari cha bidhaa
kati ya rafu za maziwa na za sabuni,
naenda kushoto, kulia, kushoto,
nachungulia.
Watu hunipisha.