Kilichotutumka

Jumanne, marobota yalipofunguliwa Mwanjelwa,
Ambilikile alinirushia akisema: chukua, fundi,
sijui ni kifuniko cha taa au tenga la kuku,
elfu mbili, na usirudi kulalamika.

Ilikaa hewani kama chapati iliyokataa kulala,
nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya maziwa ya jana.
Nikaibana kwapani, nikapanda nayo hadi kibandani,
na njia nzima ikinipiga ubavuni
kama mtoto anayetaka kushushwa.

Nguo siisomi kwa mbele.
Naigeuza ndani nje. Huko ndiko fundi mwenzangu
huacha siri zake: mshono uliorudiwa, uzi uliokatwa kwa meno,
tabaka kumi na mbili za neti, kila moja fupi kuliko ya juu yake,
na waya mwembamba uliopita katikati
kuizuia sketi isilale.

Sista Klotilda wa Tosamaganga, aliyenifundisha kukata mshazari,
alitwambia inaitwa tutu.
Tulicheka. Mimi nilidhani ni Kiswahili:
unga hututumka, uji hututumka, hasira hututumka,
kwa nini kitambaa kisitutumke?

Akasema zamani ilikuwa ndefu, ikavuka magoti,
kengele ya melimeli, nyepesi kama ukungu wa Loleza
alfajiri ya Juni. Mchezaji alitakiwa aonekane
kama mtu asiye na uzito wala deni.
Wanawake waliolipia viti wakaipenda,
wakarudi kwa mafundi wao: nami nataka kuwa moshi.
Ikashuka jukwaani, ikaingia sebuleni kwa matajiri.

Lakini taa zilikuwa za gesi, moto wazi,
na melimeli haijui kuomba msaada.
Wapo walioungua wakiwa bado wanazunguka.
Ilitafutwa dawa ya kulowekea nguo isishike moto;
dawa ikaifanya nzito, ikaipa umanjano.
Wengine wakaikataa. Afadhali hatari
kuliko kuonekana umefubaa.

Hapo sikucheka. Shangazi yangu Tupokigwe, kule Kiwira,
aliingia na koroboi ndani ya chandarua
akimtafuta mbu mmoja.
Neti ni neti. Najua inavyonuka.

Baadaye wakaifupisha,
maana miguu ilikuwa imejifunza mambo mapya
na watu walikuwa wamelipa kuiona.
Wakafupisha tena, mpaka ikakaa kiunoni kama ungo.
Na kila ilipobadilika, nguo za jioni huko nje
nazo zikapanuka, zikapungua. Nani alimwiga nani?
Sisi mafundi hatusemi. Tunapima tu.

Ndani ya mkanda, kwa wino: Margit. Limepigwa mstari.
Ilse. Mstari. Joana. Mstari.
La nne limefuliwa likafuliwa,
imebaki herufi ya mwisho, a.
Wanne walipumua ndani ya kulabu hizi sita.
Jasho lao limechora ramani ya nchi nisiyoijua.

Sasa ni Julai, Uyole baridi inauma.
Ikupa wa mama Lugano ana sendofu Jumamosi,
anataka gauni lile la kuvimba, kama la kwenye simu.
Nimefumua tabaka saba, nimezipanga chini ya satini ya buluu.
Tano zilizobaki nawafunikia majirani maandazi,
inzi wa Mwanjelwa hawana adabu.

Alipokuja kujaribu, alivaa juu yake sweta la kaka yake,
la kijani, lenye tundu kiwikoni.
Nikamwambia zunguka.
Akazunguka mara moja, taratibu, akiogopa pini.
Gauni lilichelewa kidogo,
kisha likamfuata.

Mkanda nimeuhamisha ulivyo, sikuufua.
Chini ya ile a nimeandika Ikupa.
Mstari atauchora mwingine.