Kifungo

Hapa kwetu Limbani, Wete, kutoka mlangoni hadi dukani kwa Faki
ni hatua mia mbili na kumi na nne
na salamu kumi na saba.
Hatua hazinitaabishi.

Umeamkaje? Salama.
Za tangu jana? Nzuri.
Watoto? Wazima. Sina watoto.
Na mzee? Hajambo. Mzee kafa mwaka wa mafuriko.
Nilipokuwa mdogo nilijibu kweli:
nimeamka kiwiko kinaniwasha, jana ilikuwa mbaya,
na wewe, Bi Mwache, umeniuliza haya haya ulipokuwa unakwenda.
Watu wakacheka. Mama hakucheka.
Alinikalisha jikoni akanisomesha salamu
kama wenzangu walivyosomeshwa jedwali la saba:
akisema hili, nawe sema hili,
mtazame puani, atadhani unamtazama machoni.

Hadi leo nazijua pua za Limbani
kuliko sonara anavyozijua pete zake.

Bibi alinipeleka kwingine.
Nikanywa kombe, zafarani kwenye sahani ya buluu,
nikafukizwa ubani mpaka nikatapika.
Mganga akasema: kakaliwa na kijini kiziwi.
Kiziwi! Mie niliyekuwa nasikia mno,
friji la jirani, taa kabla haijawaka,
mjusi juu ya bati akibadili nia.

Msimu wa karafuu mji mzima hutandaza majamvi,
kila mmoja huvuta pumzi akasema: riziki hiyo.
Mie hujifungia chumbani, kanga puani, siku tatu, nne.
Riziki huniingia kichwani kama msumari.
Waliniita mjeuri. Waliniita kisirani.
Wenye huruma waliniita "masikini, basi tu".

Jina lenyewe nililipata nina miaka thelathini na moja,
kwenye semina ya skuli nilikoitwa kufagia.
Mwalimu kutoka Unguja akaandika ubaoni: USONJI.
Herufi sita.
Nikasimama na ufagio wangu.
Sikulia. Nilihesabu madirisha, nikarudia,
kisha nikaufagia ukumbi ule mara mbili.

Kazi yangu kofia.
Uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, vitundu elfu moja mia tatu na nane,
na kimoja kikipotoka nakijua kwa kidole, usiku, umeme umekatika.
Wanunuzi husema: Mungu kamfidia.
Sikufidiwa kitu. Sikuwa nadai.
Hata ningeshona ovyo, ningekuwa mtu.

Na sasa yupo Haroub, mtoto wa dada yangu Salhina:
miaka minne, maneno matatu, maji, hapana, tena.
Barazani wameshaanza. Karogwa. Kadekezwa.
Jana Salhina alikuja kwangu, macho mekundu,
akaniuliza, "Atakuwa kama wewe?"
Akaziba mdomo, neno limeshatoka.
Nikalipima swali kama ninavyoyapima yote, kwa maneno yake.
"Kama mimi, hapana," nikamwambia. "Atakuwa kama Haroub."

Mtoto alikuwa sakafuni na mkebe wangu wa vifungo,
kavipanga mstari hadi chini ya cherehani,
si kwa rangi, si kwa ukubwa.
Salhina akainama avizoe. Nikamshika mkono.
Nikakaa chini. Sikumwamkia.
Nikatazama, adhana ikapita, chai ikapoa,
mpaka nikaona: matundu.
Cha mawili, cha manne, cha mawili, cha manne,
na pembeni, mbali na vingine,
kile cha koti la marehemu baba, kisicho na tundu hata moja.

Kifungo, kwa lugha yetu, ni jela.
Kifungo ni hicho hicho kinachokutanisha pande mbili za nguo.
Watu wakilisikia neno, maana moja hukaa, nyengine huondoka.
Kwangu mie hubaki zote mbili.

Nikachukua cha matundu mawili, nikakiweka mwisho wa mstari.
Akakitazama.
Akakisogeza kidogo, unene wa ukucha,
pua yake haikunielekea wala macho,
akasema, "Tena."