Kipindi cha Tano, Uwanjani

Mwalimu mkuu aliponiambia,
"Kuanzia muhula huu, Wesonga,
hata wa michezo wataandika,"
nilicheka kimoyomoyo:
tangu lini mpira ukapigwa kwa penseli?
Mimi lugha yangu ni filimbi.
Fupi moja: kimbia. Fupi mbili: simama.
Ndefu: nendeni mkanawe.

Lakini agizo ni agizo.
Jumanne Gredi ya Saba wakatoka na madaftari.
Omweri la kwake akalifanya mlingoti wa goli,
jiwe juu, upepo usilibebe.
Uwanja wetu hapa Kayole ni udongo mweusi:
mvua ikinyesha hukushika raba
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi;
jua likiwaka hupasuka, na nyufa zake humeza sarafu.

"Vidole viwili shingoni, chini ya taya.
Hesabuni. Andikeni."
Watoto hamsini na watatu
wakashika shingo zao
kama watu waliopokea habari mbaya.
"Mwalimu, mimi sina!" Makokha akapaza sauti.
"Huna nini?"
"Mapigo!"
Basi andika hivyo, nikamwambia,
naye akaandika, kwa herufi kubwa: SIFURI.

Wiki ya tatu nikakata maboksi ya unga,
nikayaandika maagizo, nikayatawanya uwanjani.
*Ruka mara ishirini. Keti. Umehisi nini, na wapi?*
Filimbi nikaitia mfukoni.
Omweri, anayewaacha wote toka goli hadi goli,
alisimama mbele ya sentensi mbili
kama aliyefika ukingoni mwa Outering saa kumi na mbili jioni,
akisubiri pengo kati ya magari.
Sikumharakisha.
Siku hizi huvuka:
neno moja, anatazama kulia,
neno jingine.

Usiku, Umoja, tokeni zimeisha,
nilisahihisha kwa mwanga wa simu.
*Goti langu limesema tok.*
*Jasho langu lina chumvi kuliko supu ya shule.*
*Nikikimbia nasahau kwamba sijala.*
Hapo nikaiweka simu chini kidogo,
giza likae nami.

Kisha la Gakii.
Gakii wa kuketi kando ya ua kila mzunguko wa pili,
Gakii niliyembandika jina Mama Pole
darasa zima likacheka, nami nikafurahi kuchekesha.
Mwandiko mdogo, umebanana pembeni mwa ukurasa:

*Kifua changu hufunga mapema
kama duka siku ya vurugu.
Ewa inabaki nje inabisha.
Mama alisema nisiseme, utanitoa mchezoni.
Na wewe hukuwahi kuuliza.
Ulipiga filimbi.*

Nilisoma mara tatu.
*Ewa*, kaandika, bila h.
Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi,
ncha imeshagusa karatasi,
imeacha kidoa.
Nikaondoa mkono.
Hiyo h ndiyo pumzi yenyewe;
angeitoa wapi?

Mama yake alikuja Ijumaa, na aproni ya kazini,
akaninyoshea inhela ya buluu
bila kunitazama usoni.
"Alikuwa ananificha ninachomficha," akasema,
na sikujua nani kati yetu anaombwa radhi.

Jumanne tena.
Inhela imelala mfukoni, bega kwa bega na filimbi.
Gakii anakimbia mzunguko mmoja, anasimama mwenyewe,
anaandika, anatazama mawingu, anaandika tena.
Anaanza wa pili, polepole.
Hakuna anayemcheka.
Makokha ameyapata mapigo yake, mia moja thelathini na mbili,
anayatangaza kwa kila apitaye,
hata kwa mpishi.

Nami nimejinunulia daftari la shilingi thelathini.
Nimechuchumaa kwenye mstari wa chokaa,
vidole viwili shingoni,
macho kwa yule msichana anayekata kona.

Jumanne, kipindi cha tano.
Mapigo yangu: mia moja na nne.
Sijakimbia.