Mfuko Kutoka Memorial

Ulitoka kwenye robota la makoti, soko la Memorial,
chini kabisa, umekumbatiwa na koti la mvua lisilo na vifungo.
Muuzaji aliubana kwapani kama kuku wa kuuza,
miguu mitano myeusi ikining'inia,
akanadi: begi la Wazungu, zipu imepotea, elfu kumi na mbili!
Aikaruwa akatoa kumi. Zipu hakuiuliza.

Nderingo aliukwangua mguu mmoja kwa wembe,
akanusa, akacheka hadi akakaa chini.
Mpingo, jamani. Huu ni mpingo.
Uliondoka gogo, umerudi mtumba.

Ngozi yake ya zamani ilikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi.
Tukashona nyingine, ya mbuzi wa Kiboriloni,
tukaziba mishono kwa nta na asali,
na nzi wote wa Pasua wakahudhuria mazoezi.
Ndimi tulizichonga kwa matete ya Mto Rau;
wa saba ndio uliokubali kusema.

Na ulivyosema!
Ng'ombe anayekokotwa kwenda josho.
Fundi wa kuchomelea, mwenye chumba, alizima moto wake
akaja na koleo mkononi kuuliza nani ameumia.

Shida haikuwa pumzi. Aikaruwa anayo:
miaka tisa ya trombone kwenye matarumbeta ya usharika,
mazishi ya Kibosho na Marangu, anapanda kutoka barabarani
mpaka mgombani, na jeneza mbele, huku anapuliza.
Shida ilikuwa noti.
Gitaa linasema la. Mfuko unasema si la.
Basi ni si? Si si.
Umekaa kwenye ufa, kati ya vitufe viwili vya kinanda,
mahali ambapo hatukujua kama kuna mtu anaishi.
Nderingo akakaza nyuzi kuufuata, akakaza,
ule mwembamba ukakatika ukamchapa kidevu.
Mimi, kwenye kompyuta, niliihamisha besi
unywele mmoja juu, unywele mwingine,
usiku kucha, mpaka ikahama kwao
ikasimama kwenye ufa pamoja na mgeni.

Hapo tukasikia.
Gitaa limechafuka, lina mchanga kooni,
besi inagonga mabati kwa ndani,
na juu ya yote ule mlio mmoja usiohama,
kama mlima siku ya mawingu: huuoni,
ila hakuna Moshi nzima aliyesahau uko upande gani.

Kuna jambo sijawaambia wenzangu.
Mimi ni muuguzi, zamu ya usiku.
Nimewahi kubana mfuko kwa mkono,
umeme umekatika, jenereta linakohoa nje,
bana, hesabu, achia,
bana, hesabu, achia,
dakika arobaini, kwa mzee Lyatuu wa kitanda cha nne.
Kulipokucha akaomba uji,
akalalamika kwamba hauna sukari.
Midundo yangu yote imetoka pale. Ukiihesabu utaona.

Jumamosi tulipiga kwenye ukumbi wa Majengo.
Watu thelathini na mmoja, tisa kati yao
shangazi na binamu wa Aikaruwa.
Mama mmoja wa mbele aliziba masikio,
lakini hakutoka.
Mwisho, Aikaruwa akaondoa mdomo mapema,
Nderingo akaweka kiganja juu ya nyuzi,
nami nikafunga kompyuta.
Mfuko ukaendelea wenyewe chini ya kiwiko,
pumzi ya mtu ambaye ameshanyamaza,
ikishuka, ikishuka,
ikiteleza kupita la, kupita kila noti tunayoijua jina —

Mtu akapiga makofi kabla haijafika chini.
Tulimsamehe. Karibu tumsamehe.