Mkia wa g

Ngara, ghorofa ya tatu, feni imegoma,
na mimi nachora a kwa siku ya kumi na moja.
Usicheke. Kiswahili kinaila a kama ugali.
Andika *hawatakaa* uone matumbo yalivyopangana:
tumbo likiwa finyu, kwenye simu ya bei ya chini
neno zima linaziba kama mtaro wa Aprili.

x na q wamenikalia bure, wageni wasioagiziwa chai.
c hatoki nje mpaka h amshike mkono.
I, l na 1 ni mapacha waliovaa sare moja:
mmoja nimempa kofia, mmoja kiatu, wa tatu pua.
Lakini ng', ee, ng' na kidole chake hewani!
Skrini ikikimeza kidole hicho
umetumwa ung'oe kisiki,
wewe unabaki kulia ngoa.

Lumbasi, msimamizi wa mradi, anapiga simu:
"Isomeke upesi. Na iwe na haiba."
Kama mtu anayeagiza mvua isiyolowesha.

Haiba nimeiiba. Kariobangi, ukutani kwa kinu cha unga,
Mjomba Shivachi aliandika *tunasaga* kwa rangi ya bluu
iliyobaki kwenye mlango wa mtu mwingine.
Hakupima. Alilamba kidole gumba, akafuta, akaendelea.
Mkia wa g yake ulijipinda chini ya neno
kama paka aliyeshiba.
Kinu kilihama. Ukuta ukapakwa chokaa.
Mkia ninao mimi,
na kwenye ukubwa wa kumi na mbili
unabaki pikseli tatu, moja ya kijivu.

Jumamosi nikaenda Kayole kwa Mwalimu Kwamboka,
mstaafu, simu yake ina ufa toka pembe hadi pembe.
Stima ilikuwa imeisha. Sikuipanga, iliisha tu.
Tokeni ikaingia: tarakimu ishirini gizani.
Kwa herufi za zamani alisoma sita, akabonyeza nane;
mita ikakataa kwa mlio mkavu.
Akarudia. Ikakataa.
Nikamwekea zangu: 6 yenye shingo ndefu,
3 iliyofumbua mdomo isifanane na jirani.
Akabonyeza polepole, akihesabu kwa midomo.

Taa.

Nilingoja sifa, nakiri.
Yeye akavaa miwani, akasogeza simu puani:
"Miaka thelathini nimefundisha darasa la kwanza kuumba g.
Hii ningeipa saba kwa kumi.
Mkia umekatika."

Sikumweleza habari za pikseli.
Mtoto gani humwambia mwalimu
kwamba daftari lilikuwa dogo?

Sasa ni saa sita usiku, Ngara, feni bado.
Nimeongeza pikseli ya nne.
Mstari wa chini umesogea kidogo; Lumbasi atauliza,
na sina jibu atakaloweza kuliandika kwenye ripoti.
Nimeandika *tunasaga*,
nikaipunguza hadi ifike kipimo cha simu ile yenye ufa,
nikavua miwani, nikarudi nyuma mpaka mlangoni.
t imeyeyuka. u na n siwezi kuzitofautisha.
Ila pale chini, karibu na mwisho wa neno,
kuna kitu kimejipinda,
kimeshiba.