Kabla ya Ziwa, Baada ya Ziwa

Mirija miwili imeshuka na bodaboda kutoka Kayenze
ndani ya chupa ya chai, imezungukwa barafu ya Mwaloni,
barafu iliyokwisha kulala na sangara;
damu ya ndama imefika ikinuka samaki.

Juu ya plasta, mwandiko wa Milembe, kalamu ya kuazima:
*kabla ya ziwa*. Na wa pili: *baada ya ziwa*.
Nikacheka peke yangu. Dirishani
ziwa lile jingine limejinyoosha,
linanyonywa na mabomba ya mji mzima.

Nazungusha mirija. Damu inajitenga:
nyekundu chini, juu maji ya rangi ya samli.
Ya huyu ni manjano mno, manjano ya ganda la papai.

Nyongo mkalia ini, tulifundishwa,
kumbe nayo ni msafiri:
hushuka matumboni kuyavunja mafuta ya maziwa,
kisha hurudi nyumbani kwa mlango wa nyuma
kama mtoto aliyetumwa chumvi.
Ini likiugua, au mshipa ukikosea njia tangu tumboni mwa mama,
nyongo haifiki. Inazurura na damu.

Arobaini na moja. Tisini na sita.
Nikafungua jedwali la kitabu:
ng'ombe waliokomaa, wa nchi ya theluji.
Ndama wa siku tisa wa Kayenze hayumo.
Nani humpima mtoto kwa viatu vya baba yake?

Basi Jumamosi nikapanda bodaboda mimi, na sindano, na boksi,
kutoa damu ya ndama ishirini wazima.
Lushinge, shemeji mtu, akanikunjia uso:
"Mgonjwa mmoja, unawachoma ishirini?
Babu alipasua kuku mmoja tu, akasoma."
Sikuwa na jibu la kumtosha.
Milembe ndiye aliyewashika, kichwa kwapani,
akimwita kila mmoja kwa jina sindano ikiingia.

Leo daftari langu lina safu ishirini.
Wazima wenyewe wamekipita kitabu:
kumi na nane, ishirini na sita, thelathini na tatu.
Arobaini na moja si mbali kama nilivyoogopa.
Tisini na sita, bado ni mbali.

Umeme umekatika kabla sijarudia kipimo.
Simu ikaita gizani, Milembe:
"Leo amesimama. Amenyonya mwenyewe, kidogo."

Hakuna safu ya neno hilo.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.